Mweleka, Kabali na Kanuni: Judo Mbele ya Wapinzani Wake

Mapema mwaka 1905, katika Ikulu ya Washington, rais wa Marekani Theodore Roosevelt aliwapambanisha watu wawili ili aone kwa macho yake nani zaidi. Mmoja alikuwa Joseph Grant, mwanamieleka wa kulipwa, mtu wa miraba minne. Wa pili alikuwa Yamashita Yoshitsugu, mwalimu wa judo kutoka Kodokan ya Tokyo, ambaye wakati huo alikuwa akimfundisha rais mwenyewe. Grant alimwangusha Yamashita chali bila taabu, kisha hakujua afanye nini tena, kwa sababu katika mieleka ya kwao mabega ya mtu yakishagusa chini mchezo umekwisha. Yamashita kuwa chali hakukumsumbua hata kidogo. Dakika haijatimia alikuwa amemkaba Grant koo, na dakika mbili baadaye alikuwa ameushika mkono wake kwa namna ambayo, angetaka, angeuvunja kwenye kiwiko. Roosevelt alimsimulia mwanawe Kermit mambo hayo kwa barua, akatoa hukumu mbili zisizopatana sana: kwamba michezo ile haikulinganishika, kwa kuwa mmoja ulikuwa na kanuni za michezo na mwingine ulikusudiwa kuua au kulemaza, na kwamba hata hivyo mwanamieleka au bondia mkubwa wa Kimarekani, akijifunza kidogo tu mbinu za Mjapani, angemmaliza kwa nguvu zake tu.

Mabishano ya zaidi ya miaka mia moja iliyofuata hayajaongeza mengi juu ya hukumu hizo mbili. Wapo wanaosema judo ni mchezo wa Olimpiki wa kuvutana makoti, usiofua dafu mbele ya bondia au mpiganaji wa Muay Thai. Wapo wanaosema mtu akishashikwa na mwanajudo hana pa kukimbilia. Pande zote mbili zina mifano ya kutosha, ndiyo maana ubishi hauishi. Ninachodai mimi ni kwamba nguvu ya judo haikutoka katika siri ya mbinu zake; ilitoka katika namna ya kuzifanyia mazoezi. Na iliposhindwa, mara nyingi ilishindwa na jambo ambalo kanuni zake zilikuwa zimewazuia wanafunzi wasilijaribu. Historia yake ikisomwa pambano kwa pambano inaonyesha hivyo, kuliko inavyoonyesha ubora au udhaifu wa mchezo wowote kwa asili yake.

Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alizaliwa mwaka 1860 Mikage, karibu na Kobe, na alikuwa mdogo wa umbo kiasi cha kuonewa na wenzake shuleni. Alipoanza kujifunza jujutsu jijini Tokyo, yapata 1877, sanaa hiyo ilikuwa imeshuka hadhi. Tabaka la samurai lilikuwa limefutwa, na mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Hachinosuke wa shule ya Tenjin Shinyo, alijipatia riziki kwa kuunga mifupa. Pale kwa Fukuda palikuwa na mwanafunzi mmoja mzito ambaye Kano hakumweza kwa lolote. Kano akapekua vitabu, vya mieleka ya Ulaya vikiwemo, akapata namna ya kuinama chini ya kifua cha mpinzani, kupitisha mkono kati ya mapaja yake, kumwinua mabegani kama gunia na kumbwaga upande wa pili. Akambwaga. Mbinu hiyo iliingia katika judo kwa jina la kata-guruma, na nitairudia mbele kwa sababu ina kisa chake. Kwa sasa itazamwe tu alivyoipata: hakurithishwa na mwalimu, aliitafuta ugenini, na uthibitisho wake ulikuwa mwili wa mtu ambaye hakutaka kubwagwa.

Alipofungua shule yake, Kodokan, mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, kwenye ukumbi wa mikeka 12, Kano alichukua uamuzi ambao kwa haraka unaonekana kuidhoofisha sanaa. Ngumi, mateke na mbinu za hatari zaidi aliziweka kando, zifanywe kwa maonyesho yaliyopangwa tu, yaani kata. Zilizobaki, za kurusha, kubana, kukaba na kukunja viungo, zikawa za kufanywa kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayekataa, yaani randori. Hakuibuni randori yeye. Ilikuwepo katika shule zote mbili alizopitia, ile ya Fukuda na ile ya Kito alikofundishwa na Iikubo Tsunetoshi. Alichofanya ni kuipa sehemu kubwa ya mazoezi, na kumfundisha kila mtu kwanza namna ya kuanguka bila kuumia, ili aweze kuangushwa mamia ya mara na kesho yake arudi mkekani. Mbinu ya kutoboa jicho haiwezi kufanyiwa mazoezi ya kweli hata mara moja, kwa hiyo anayejisifu kuijua anaijua kwa kuambiwa. Ngwala ya kawaida mtu anaweza kuipiga kwa dhati mara elfu kumi, kwa warefu na wafupi, wazito na wepesi, akashindwa nyingi kati ya hizo, na kila kushindwa kukamfunza. Siku ya ugomvi wa kweli, ni yupi kati ya hao wawili anayejua anachokifanya?

Kwa mantiki hiyo, mpaka unaotenganisha sanaa zinazofaa na zisizofaa haupiti kati ya wapiga ngumi na washikaji. Bondia hupigwa ngumi za kweli mazoezini karibu kila siku. Mtu wa Muay Thai vivyo hivyo, na mateke juu yake. Wako upande mmoja na judo, hata kama wanadharauliana. Kano mwenyewe hakudhani amemaliza kila kitu. Mwaka 1922 alimkaribisha Funakoshi Gichin wa Okinawa aonyeshe karate Kodokan, na mwaka 1930, baada ya kumwona Ueshiba Morihei, mwasisi wa aikido, alimpelekea baadhi ya wanafunzi wake wakasome. Mwanafunzi mmoja wa Kano na Ueshiba, Tomiki Kenji, alijitahidi baadaye kuingiza randori na mashindano ndani ya aikido. Wengi wa aikido hawakumfuata, na sanaa yao imeendelea kuulizwa kama inafaa kweli, swali ambalo judo iliacha kuulizwa tangu zamani.

Iliacha kuulizwa lini hasa? Masimulizi ya Kodokan yanataja mapambano yaliyoandaliwa na polisi wa Tokyo, kwa wengine 1886 na kwa wengine 1888, ambamo vijana wa Kano waliwabwaga wanafunzi wa shule kongwe ya jujutsu ya Totsuka karibu wote. Msomaji ajihadhari hapa. Orodha za matokeo zinazosambazwa hazipatani, na sifa kubwa ya kisa hicho imekuzwa na riwaya ya Sugata Sanshiro ya mwaka 1942, iliyoandikwa na Tomita Tsuneo, mtoto wa mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Kano, kisha na filamu ya Kurosawa ya mwaka uliofuata. Kisichobishaniwa ni kwamba polisi wa Tokyo waliwaajiri walimu wa Kodokan, Yamashita akiwa mmoja wao. Jeshi la polisi haliajiri kwa ajili ya riwaya.

Nje ya Japani mambo yalichanganyika zaidi. Tani Yukio, Mjapani mfupi aliyefika London mwanzoni mwa karne ya 20, alipanda majukwaa ya kumbi za burudani akiwaalika watu wa kila kimo wajaribu kuvumilia dakika chache mbele yake wapate fedha. Waliofaulu walikuwa wachache mno. Lakini masharti yalikuwa yake: mgeni avae koti la jujutsu, na ushindi uwe wa kusalimu amri, si wa mabega kugusa chini. Mcheza kwao hutunzwa. Hali ilipogeuzwa, sura nyingine ilionekana. Ad Santel, mwanamieleka wa Marekani, alimshinda Ito Tokugoro wa judo huko San Francisco mwaka 1916 kwa kumbamiza chini. Ito akalipiza kwa kabali katika pambano la marudiano. Mwaka 1921 Santel alivuka bahari hadi Tokyo kuisaka Kodokan yenyewe. Kano aliwakataza watu wake wasipigane kwa fedha, lakini wachache walikaidi, na kwenye viwanja vya hekalu la Yasukuni Santel akamwumiza Nagata Reijiro kwa kumbana kichwa hadi akashindwa kuendelea, kisha akatoka sare na Shoji Hikoo. Katazo la Kano lilikuwa na heshima yake. Lakini liliwanyima wanajudo fursa ya kujifunza kwa mtu ambaye mtindo wake hawakuuzoea, jambo ambalo Kano kijana alilifanya kwa kufungua kitabu.

Na tayari kanuni zilikuwa zinabana. Mwaka 1899 mikunjo ya vidole, vifundo vya mikono na vya miguu iliondolewa mashindanoni, na kufikia 1925 kiungo kilichoruhusiwa kukunjwa kilikuwa kiwiko tu, huku kupigana chini kukiwekewa mipaka. Uzuri ni kwamba katazo hilo halikuenea kila mahali. Shule za sekondari za juu zilizoshindana chini ya Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto tangu 1914 ziliendelea kuruhusu mtu kumvuta mwenzake chini moja kwa moja na kubaki huko apendavyo. Wanafunzi wale walikuwa na miaka michache tu shuleni, na kupigana chini hujifunzwa upesi kuliko kurusha. Basi wakakimbilia huko, wakaichimba sehemu hiyo ya judo hadi ikazaa mbinu kama kabali ya miguu inayofunga shingo na mkono pamoja. Hiyo ndiyo judo ya Kosen. Huko Urusi nako Vasili Oshchepkov, aliyepata mkanda mweusi Kodokan mwaka 1913, alifundisha judo iliyochanganyika na mieleka ya wenyeji, mikunjo ya miguu ikiwemo. Alikufa kizuizini mwaka 1937, lakini sambo, mieleka ya Kisovieti iliyotokana na kazi yake, ilirudi Tokyo kwenye Olimpiki ya mwaka 1964 na kuondoka na medali nne za shaba katika judo.

Kimura Masahiko wa Kumamoto alipitia mashindano ya Kosen, na hilo ni la kukumbuka tunapofika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, tarehe 23 Oktoba 1951. Mpinzani wake alikuwa Hélio Gracie. Undugu wa sanaa zao ulikuwa wa karibu sana: Maeda Mitsuyo wa Kodokan alifika Brazili mwaka 1914, akahamia Belém, na miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwa Carlos, kaka yake Hélio. Maeda alikuwa amepigana Ulaya, Cuba na Meksiko dhidi ya kila aina ya watu, kwa hiyo alichowafundisha kilikuwa judo iliyokwishaonja ugenini. Mwezi mmoja kabla, Hélio alikuwa amemkaba na kumpoteza fahamu mwanajudo mwingine wa Kijapani, Kato Yukio, na jiji zima lilijua. Kanuni zilikuwa za Wabrazili: kurusha hakuhesabiwi, kubana mgongo chini hakuhesabiwi, mshindi ni yule ambaye mwenzake amesalimu amri au amezimia. Kwa maneno mengine, nusu ya alama za judo zilifutwa.

Kimura alimrusha Hélio tena na tena, na baadaye alieleza kwamba mkeka ulikuwa laini mno, Mbrazili akawa anainuka bila kudhurika. Basi akaacha kutegemea mirusho. Katika raundi ya pili alimwangusha, akamlalia kwa ubavu, akaukamata mkono wa kushoto wa Hélio uliokuwa ukimsukuma, akaupinda nyuma ya mgongo. Hélio hakupiga mkeka kusalimu amri. Kimura aliendelea kuuzungusha, kiungo kikaachia, na bado Hélio akakaa kimya hadi Carlos alipotupa taulo ulingoni. Miaka mingi baadaye Hélio alikiri kwamba hata kabla ya hapo alishazimia kidogo kwa kabali, ila Kimura hakujua akailegeza. Familia ya Gracie ikaupa mkunjo ule jina la Kimura, heshima ambayo washindwa wachache huwapa walioshinda. Wapenzi wa judo hulitaja pambano hili kama ushahidi kwamba judo ni bora kuliko jujutsu ya Brazili. Mimi nalisoma tofauti: lilikuwa pambano la wanajudo wawili, na aliyeshinda alikuwa amesoma sehemu zote mbili za kitabu.

Kuna pingamizi la haki hapa, la uzito. Kimura alimzidi Hélio kwa zaidi ya kilo 15 kwa makadirio mengi, na Roosevelt angetikisa kichwa kwa kuridhika. Ni kweli, nguvu ina kauli. Anton Geesink, Mholanzi jitu, alithibitisha hivyo ndani ya judo yenyewe alipombana Kaminaga Akio kwenye ukumbi wa Budokan tarehe 23 Oktoba 1964, miaka 13 kamili baada ya Maracanã. Ila pingamizi hilo haligusi hoja yangu, kwa kuwa uzito unamsaidia mpiganaji wa sanaa yoyote. Hautuambii sanaa ipi inampa mtu kitu cha kufanya. Pingamizi zito zaidi ni la ngumi. Mwandishi Jim Beck alidai katika jarida la Rogue kwamba bondia angemchakaza mwanajudo yeyote, na jibu likatolewa Salt Lake City tarehe 2 Desemba 1963. Gene LeBell, bingwa wa judo wa Marekani mwaka 1954 na 1955, alikutana na Milo Savage, bondia wa uzito wa kati aliyevalishwa koti. LeBell alidai siku zote kwamba koti lilipakwa mafuta. Raundi tatu zilipita LeBell akiogopa mkono wa Savage na Savage akiogopa kushikwa. Katika ya nne LeBell alimwangusha, akamkaba kutoka nyuma, na Savage akachelewa kuzinduka kiasi kwamba ukumbi ulichafuka. Savage alikuwa amepita wakati wake, tusimfanye Muhammad Ali. Lakini LeBell naye hakuwa mwanajudo wa mkekani tu. Alikulia katika ukumbi wa ndondi wa Los Angeles ambao mama yake aliuendesha, alikuwa ameshapigana mieleka ya kulipwa, na ngumi ilikuwa kitu alichokijua tangu utotoni.

Pingamizi la koti nalo lina uzito, kuliko wanajudo wanavyopenda kukubali. Hidehiko Yoshida, bingwa wa Olimpiki ya Barcelona 1992, alikutana na Royce Gracie, mwana wa Hélio, Tokyo mwezi Agosti 2002. Wote walivaa makoti, kanuni zilipunguza ngumi, na mwamuzi akasimamisha pambano akiamini Royce amezimia kwa kabali ya mkono wa koti. Royce aliinuka akilalamika, na ushindi ukafutwa. Waliporudiana tarehe 31 Desemba 2003, Royce alilivua koti lake. Yoshida, akiwa bado amevaa la kwake, akajikuta hana pa kushika ilhali mwenzake anapo. Muda ukaisha, ikaandikwa sare, ingawa aliyetawala alikuwa Royce. Mtetezi wa judo atasema mtaani watu huvaa nguo. Sawa, lakini fulana huchanika, na joto la miji mingi haliruhusu makoti. Kwa upande mwingine hoja ya mtaani ina makali mawili: mkeka laini uliomwokoa Hélio haupo barabarani, na mweleka unaohesabiwa pointi moja ukumbini unaweza kuwa mwisho wa ugomvi juu ya lami. Kuhusu visu na maadui watatu kwa mpigo, judo haina jibu la kuaminika, na anayedai sanaa yake inalo aulizwe amelijaribu mara ngapi dhidi ya mtu aliyekataa.

Judo ya mashindano, wakati huo, ilizidi kujipunguza. Mwaka 2010 Shirikisho la Kimataifa liliwakataza wachezaji kushambulia miguu kwa mikono moja kwa moja, na mwaka 2013 likakataza kabisa kushika chini ya mkanda wakati wa kusimama. Sababu ilikuwa kulinda sura ya mchezo, watu wasimame wima wavutie kwa televisheni, wasifanane na wanamieleka. Sikatai kwamba mirusho ilirudi kupendeza. Ila kata-guruma, ile ya mkono kati ya mapaja ambayo Kano aliiokota mielekani ili amshinde mtu mzito, ikawa kosa la kumtoa mtu mchezoni. Kijana aliyeanza judo baada ya 2013 anaweza kufika ubingwa bila kuzuia hata mara moja mtu anayerukia mapaja yake, na hilo ndilo la kwanza atakalofanyiwa na mwanamieleka yeyote.

Wanaotaka kuthibitisha kwamba judo imepitwa humtaja Ronda Rousey. Mama yake, AnnMaria De Mars, alikuwa bingwa wa dunia wa judo mwaka 1984. Yeye mwenyewe alipata shaba Beijing 2008, akawa bingwa wa kwanza wa wanawake wa UFC, mashindano ya mapigano huru, akiwamaliza wapinzani kwa mkunjo wa kiwiko, mmoja wao kwa sekunde 14. Kisha Melbourne, Novemba 2015, Holly Holm, bingwa wa zamani wa ndondi, alikaa mbali naye, akamchoma kwa ngumi kila alipokuja mbio, na katika raundi ya pili akamwangusha kwa teke la kichwa. Lakini mwenzake Rousey wa zamani wa mazoezi, Kayla Harrison, mwenye dhahabu za London 2012 na Rio 2016, aliingia mapigano huru hayo hayo, akajipa miaka ya kupigwa ngumi katika mashindano madogo zaidi, na Juni 2025 akatwaa mkanda wa UFC. Anayesema judo ilishindwa 2015 ana kazi ya kueleza ilishindaje 2025.

Kesi iliyo wazi kuliko zote haikuhusisha sanaa nyingine kabisa. Satoshi Ishii alipata dhahabu ya uzito wa juu Beijing 2008, akahamia mapigano huru akiwa kijana mwenye sifa zote. Pambano lake la kwanza, Saitama, tarehe 31 Desemba 2009, alipangiwa Yoshida, aliyekuwa na miaka 40 na aliyekuwa mwepesi kuliko yeye. Kwa judo tupu Ishii angepewa nafasi kubwa. Lakini Yoshida alikuwa na miaka saba nyuma yake ya kupigana na watu kama Wanderlei Silva na Mirko Cro Cop, akichapwa na kujifunza, na Ishii hakuwa na hata siku moja ya namna hiyo mbele ya watazamaji. Waamuzi wote walimpa Yoshida.